Waliposema Shamsa Mewanda

Daktari alinibonyeza mguu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, akangoja, kisha akaondoa kidole. Pakabaki shimo. Akalitazama, nami nikalitazama, na kabla hajafungua kinywa nilikuwa nishamwambia, "Shimo hili nalijua." Akatabasamu, akidhani ni maneno ya uzee. Ni msichana, hata thelathini hajatimiza, jina lake Maryam, ana sauti ya upole. Aliniambia figo zangu zimechoka, na si za jana wala juzi, presha imezila kidogo kidogo kwa miaka. Nilipomwambia mimi sikusoma zaidi ya chuo cha Kurani akanitafutia mfano wa jikoni. Figo, alisema, ni kama kifumbu cha kukamulia tui. Damu yote hupita pale ichujwe: uchafu hutoka na mkojo, kilicho kizuri hubaki. Kifumbu kikichakaa, ukindu ukalegea, hata kisichotakiwa kupita hupenya, ndiyo sababu mkojo hufanya povu. Maji na chumvi vilivyotakiwa kutoka hubaki mwilini, mtu akavimba, asubuhi usoni, jioni miguuni. Damu humpungua akawa mweupe. Chakula humchukiza, nyama hasa. Ngozi humwasha bila upele. "Na wengi hawasikii maumivu, Bibi," akasema, "ndio ubaya wake. Mtu atakaa nao miaka na miaka, watu wakimwona mzima."

Nilishika ukingo wa kitanda nikamwambia aseme tena. Akasema tena, taratibu, akidhani sikufahamu. Nilifahamu mara ya kwanza. Nilichotaka ni kuyasikia maneno yale yakipita moja moja, kwa sababu hakuna hata moja ambalo sikupata kuliona kwa macho yangu, na nililiona limepakwa liwa ya sandali, limefukizwa udi, limepigiwa vigelegele. Nina miaka themanini na kitu. Kwa zaidi ya miaka sitini nimesadiki kwamba Shamsa binti Zuhura alikufa kwa jicho la watu, na siku ile, kwenye chumba cha daktari chenye pazia la kijani, nilijua kwamba macho ya watu hayakumuua. Yalimtazama tu, nayo yakaona kingine.

Mwaka ule ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimeletwa kutoka kijijini Chundwa kukaa mjini, mtaa wa Langoni, nyumbani kwa Bi Zuhura, nijifunze kushona na kutuliza mikono. Shamsa alikuwa na miaka kumi na saba, ametiwa ndani akingoja kuolewa baada ya Mfunguo Sita, na kazi yangu ikawa kukaa naye. Nyumba ile naijua mpaka leo kama nijuavyo kiganja changu. Unapanda ngazi kumi na tisa kutoka kiwanda, ambacho ndicho ua wa ndani, unapita msana, yaani ukumbi wa mbele, unaingia chumba cha nyuma kabisa kisicho na dirisha ila tundu mbili za juu zenye kuingiza mwanga kama wa maziwa. Ukutani zidaka, vishubaka vya chokaa, na ndani ya zidaka sahani za buluu, moja ina ufa uliozibwa kwa chokaa. Kitanda kirefu mpaka upande kwa kigoda. Humo ndimo tulimokaa miezi mitano. Sauti zote za nyumba zilitufikia zikipitia ukuta wa zidaka, na zaidi sauti ya Bi Salama.

Bi Salama alikuwa somo wa Shamsa, yaani yeye ndiye aliyemfunda na kumtengeneza kwa ndoa. Alikuwa ametengeneza mabibi harusi mji mzima, na alikuwa akiwataja kwa majina kama mtu ahesabuye tasbihi: Maimuna aliyetoka ndani mwembamba mpaka watu wakacheka, Rukia aliyejaa mpaka mlango ukawa mdogo. Kwake yeye kazi ilikuwa moja, bibi harusi awande. Kuwanda ndilo neno letu la Kiamu la kunenepa, lakini ndani yake mna zaidi ya mnofu. Mna heshima ya nyumba, mna mama asiyemnyima mwanawe, mna kutulia. Mtu akisemwa "mewanda" amesifiwa yeye na jikoni kwao. Basi kila asubuhi ilikuja sinia: mkate wa mofa unaochuruzika samli, mayai na asali, supu ya mbuzi, na adhuhuri wali na papa mkavu, kwa sababu Bi Zuhura alisema chumvi ya papa humfanya mtu anywe, na anayekunywa hujaa. Mimi nilikuwa nikila mabaki. Mwanzoni mabaki yalikuwa mifupa. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nala sinia nzima, na Shamsa ameketi ananitazama, ameziba pua kwa upande wa kanga.

"Nyama yanuka chuma," alinambia siku moja.

"Mimi sisikii chuma."

"Wewe Mtikuu wa Chundwa, ungekula hata nanga." Tukacheka mpaka Bi Salama akagonga ukuta.

Na bado alikuwa akijaa. Hilo ndilo lililonichanganya mimi mtoto, kwamba chakula nala mimi, awandaye yeye. Asubuhi alipoamka macho yalikuwa mikato miwili midogo juu ya mashavu yaliyotuna, na Bi Salama akija hushika kidevu kile akakigeuza huku na huku kwenye mwanga. "Mato yamezama," husema, "mashavu yamepanda. Zuhura, kuya umtazame mwanao." Bi Zuhura huja, amejifuta mikono, husimama mlangoni akamtazama mwanawe kwa furaha ambayo siwezi kuiandika. Tena alikuwa mweupe. Ngozi ya Shamsa ilikuwa ya maji ya kunde nilipofika, na mwezi wa nne ilikuwa kama nta. Wanawake waliokuja kutazama walisema giza la ndani limemtakasa. Alipokuwa hanyanyuki walisema ametulia. Alipokataa kula walisema ana haya. Alipojikuna mikono mpaka ikatoka mistari walisema ni liwa yamkamata vizuri. Nilipoyapanga haya mbele ya daktari Maryam, yeye aliweka kalamu chini.

Shimo nililiona siku ya Ijumaa, watu wa nyumba wanajitayarisha kwa chakula cha mchana. Nilikuwa nampaka liwa miguuni, nikisugua kama nilivyofundishwa, na kidole changu kikazama. Nilipokiondoa ngozi haikurudi. Nikabonyeza tena pembeni, likawa la pili, na la tatu. Nikamwambia, "Shamsa, wafinyangika kama unga wa maandazi." Alicheka kidogo. Kisha akainama akayatazama yale mashimo matatu, akavuta kanga akafunika.

"Usimwonyeshe mtu," akasema.

"Kwani ni kitu gani?"

"Sijui ni kitu gani. Ndio nakwambia usionyeshe."

Siku chache baadaye akanionyesha mwenyewe lililokuwa kubwa zaidi. Choo chetu kilikuwa palepale nyuma ya chumba, na birika la maji ukutani lenye visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Aliniita nikaingia. Mkojo wake ulikuwa umefanya povu, povu zito la kukaa, kama mtu aliyefua nguo pale. Alisema yuko hivyo tangu kabla sijaja, ila sasa limezidi. Akataka niwe nikimfuata kila mara na kata ya maji, nimwage haraka, lisionekane na Bi Salama ambaye kila kitu hukichungulia. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi na mzito. "Esha, ukisema, harusi itavunjika, na mamangu hatatoka nje tena kwa aibu. Niapie." Nikamwapia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilifurahi. Hilo sijapata kumwambia mtu. Nilifurahi kwamba binti wa mjini, mwenye sahani za buluu, ana siri na mimi wa Chundwa. Nilimwaga maji miezi miwili kama ibada.

Wakati mwingine nilitaka kusema. Nilimwona akipanda ngazi kutoka kiwanda, kila ngazi ya nne anasimama kana kwamba anatazama kitu ukutani, na ukutani hapana kitu. Nilimsikia anavyohema akilala chali, mpaka akawa halali ila ameegemezwa mito. Lakini kila nilipofika jikoni na neno mdomoni, nilikuta Bi Zuhura na Bi Salama wamekaa juu ya mbuzi za kukunia nazi, wanahesabu mapande ya nguo na kucheka. "Mwanao hunu," nilimsikia Bi Salama siku moja, "wallahi katika wote nilowatoa, hapana alowanda hivi. Nami nimemfanya nini? Mwanzo alikuwa kijiti." Bi Zuhura akajibu, "Tena halii, hanung'uniki. Mwenyezi Mungu amenipa." Ningelisemaje?

Siku ya kumtoa mbele ya wanawake, vikuku vya fedha vya bibi yake havikumwingia. Kikuku cha kulia kilikwama kwenye kisigino. Bi Salama akaitisha sabuni na maji, wakasukuma, watu wanne, Shamsa ameuma upindo wa leso, na kilipopita kilichuna ngozi. Hapakutoka damu. Yalitoka maji, meupe, yakachirizika mpaka kwenye mkeka, na hayakukoma upesi. Mimi niliyaona kwa kuwa nilikuwa nimeshika taa ya mafuta karibu na mguu. Wengine walikuwa wanatazama kikuku kilivyobana, na mmoja akasema, hiyo ndiyo alama ya mtu aliyelishwa, vigelegele vikaanza. Akatolewa. Alikaa juu ya kiti, macho yamefumbwa kama ilivyo desturi ya bibi harusi, na nyumba nzima ikasema haijapata kuona. Nami nasema hivyohivyo.

Mume alikuwa Bwana Athman, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mshoni wa kofia, mwembamba, mwenye kusema kidogo. Kwa desturi alikaa nyumbani kwa mke siku saba za fungate. Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, tulikuwa msanani tunapakua chakula cha kupelekwa ndani, wanawake kama kumi, pazia likafunguka, akatoka yeye. Si desturi mume kutoka akasimama mbele ya wanawake wakati ule. Wote wakajitanda nguo.

"Bi Zuhura," akasema, "samahani. Shamsa ni mgonjwa. Nataka nimpeleke hospitali yeo hivi."

Bi Salama akaweka chini mwiko. "Mgonjwa wa nini, Bwana?"

"Sijui jina lake. Hawezi kulala. Hawezi kula. Mtazameni miguu."

"Miguu ya bibi harusi ndiyo hiyo. Hukuoa kuku."

Wakacheka baadhi. Bi Zuhura hakucheka. Alikuwa amesimama, na uso wake niliuona ukibadilika, kwa sababu kwetu mume akitoka siku ya tatu akamtia mke ila, maana yake ni nyingine kabisa, kwamba hakumkuta mwanamwali, na kila aliyekuwa pale aliijua. "Mwanangu ametoka ndani mewanda, mji mzima umemwona," akasema. "Kama una lako, Bwana Athman, litaje. Usimpake mwanangu ugonjwa."

"Sina langu. Nasema mgonjwa."

"Umejuaje siku tatu, na sisi tulomlea hatukujua?"

Athman alinyanyua macho, akayapitisha juu ya wanawake wote, yakanifikia mimi karibu na sinia, yakakaa kidogo, akayateremsha. Mimi nilidhani ananitazama kama mtu atazamaye kona. Hapo Bi Salama akanigeukia. "Haya, hapa pana aliyelala naye miezi mitano. Esha, sema mbele ya watu. Shamsa ni mgonjwa?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya bakuli la mchuzi, nimeshika upawa. Nakumbuka ulivyoungua. Kutoka chumbani nilisikia Shamsa akikohoa kidogo, kikohozi cha mtu asiyetaka kusikika.

"La," nikasema. "Si mgonjwa."

"Umesikia, Bwana," akasema Bi Salama, akachukua mwiko wake.

Athman aliondoka nyumba ile kabla ya alasiri. Wengine wanasema alifukuzwa, lakini mimi nilikuwapo, hakufukuzwa. Alitazama mlango wa chumba, akavaa viatu, akashuka ngazi. Siku ya sita tangu pale Shamsa alikuwa hawezi hata kuegemea, alikaa ameinama mbele mikono juu ya magoti, akitafuta pumzi kama mtu aliyezamishwa na kutolewa na kuzamishwa tena. Pakaitwa mwalimu akamsomea, akanywa kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji. Pakasemwa jicho, pakafukizwa ubani. Siku ya tisa, mchana mweupe, mikononi mwa mamake, alikufa. Mimi nilikuwa mlangoni na kata ya maji. Niliileta kwa mazoea tu.

Sikuruhusiwa chumbani wakati wa kumwosha. Nilikaa kwenye ngazi, na Bi Salama alipotoka alikuwa ameshika ukuta. Nyuma yake alikuwa mwosha mwenzake, Bi Halima. Hawakunijali. Bi Salama akakaa palepale juu yangu, mikono imelowa, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Halima, umeona?" Bi Halima akasema, "Nyamaa." Bi Salama akasema, "Hapana mnofu. Ni maji. Mtoto ni maji na mifupa." Hakusema tena neno lile mahali popote nilipojua, na hakumfunda bibi harusi mwingine mpaka alipokufa. Lakini nje maneno yalikuwa yashakwenda. Jicho, walisema, na wengine wakaongeza mdomo wa Athman: alisimama mbele ya watu akamtabiria mkewe, naye akafa kama alivyotabiriwa. Hakuna aliyetaka kununua kofia iliyoshonwa na mkono ule. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amehamia Kiunga, mbali na mji, na mimi nimerudi Chundwa.

Nilimuuliza daktari Maryam kama zamani ile hospitali ingemponya mtu kama huyo. Akafikiri sana kabla ya kujibu, nami namshukuru kwa kufikiri. Kumponya, la, alisema, mashine ya kusafisha damu haikuwapo nchini kwetu, na figo zile zilikuwa zishakwisha. Lakini wangempunguzia. Wangemkataza chumvi, wangempa dawa ya kumtoa maji. "Huenda angeishi miezi," akasema. "Na asingekufa vile, akitafuta pumzi."

Nilipotoka kwake sikwenda nyumbani. Nilijua Bwana Athman amerudi mjini tangu mwaka jana, anakaa kwa binti yake, nyumba tatu kutoka msikiti wa mtaa. Sikuwa nimekwenda kumsalimu. Siku ile nilikwenda. Nilimkuta barazani peke yake, ameshika kofia isiyokwisha kushonwa, macho hayamfai tena lakini vidole vyaendelea. Nikataja jina langu. Akasema, "Esha wa Chundwa," bila kunyanyua uso, kama mtu aliyeniona jana. Nikakaa upande wa pili wa baraza nikamwambia yote: shimo, povu, kata ya maji, kiapo. Nikamwambia, nilisema uwongo mbele ya watu, nawe ukavunjiwa heshima maisha yako.

"Nalijua," akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri.

"Habari ya povu aliniambia mwenyewe siku ya pili. Na kwamba wewe wamwaga maji. Nikamwambia basi twende tukawaambie. Akasema, ukitaja choo watakuuliza nani anajua, na watamla yule mtoto. Nenda ukaseme naumwa, lakini usimtaje Esha." Akapapasa kofia akatafuta tundu la sindano. "Waliponiuliza nimejuaje, nikakutazama. Nikaona midomo yako. Neno moja tu, na ungerudi kwenu na jina la muuaji. Nikanyamaza. Sasa miaka yote nikiwa Kiunga najiuliza, nilimnyamazia nani? Wewe uliyekuwa mzima, na yeye alikuwa akifa."

Miaka sitini nilikuwa nimebeba uongo wangu nikidhani ni wangu peke yangu, kumbe walikuwa wameubeba wao wawili, mmoja akiwa kitandani hapumui vizuri na mwingine akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, ili mimi nipite. Mwisho nikamwambia jina la ugonjwa. Figo. Alilitamka mara mbili. Nikamweleza nilivyoelezwa, na nikamwambia kwamba hata angempeleka asingepona, mashine hazikuwapo. Nilimwona akipumua. Nilitaka kuishia hapo. Nilikwisha kujifunga nguo niondoke.

"Asingepona, vyema," akasema. "Lakini ile pumzi, Esha. Watu waliniletea habari Kiunga, jinsi alivyokuwa akiitafuta. Ile wangempunguzia?"

Mtaani alipita mtu na punda, tukangoja apite. Nilijua jibu ambalo lingemlaza vizuri mzee yule, na lilikuwa neno lilelile fupi nililolisema msanani.

"Wangempunguzia," nikasema.

Vidole vilikuwa vimeacha kushona. Kisha akamwita binti yake kutoka ndani, akamwambia alete maji ya kunywa kwa mgeni, akasogea akanipa nafasi kwenye kivuli. Tukakaa pale, wazee wawili, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyemwambia mwenzake basi, yamekwisha.